Hotuba Yangu Juu ya Heshima ya Mwanamke

Jumamosi, 26 Februari 1955. Kamina.
Serkle tena, klabu yetu ya majadiliano, saa kumi, katika darasa la kuazima. Tulikuwa kumi na wawili: makarani wa reli kama mimi, walimu, na muuguzi Kalala, mwenyekiti wetu. Hatuanzi kwa sala. Tunakaa kimya kidogo, kila mtu na imani yake, au na kukosa kwake. Kisha mmoja anahutubia. Sheria ya Kalala: hupingi kabla hujarudia maneno ya msemaji mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Leo mwalimu mmoja alisimama na hasira. Alirudia mara tatu, hasira ikamwisha, akakaa. Nampenda Kalala. Sijaona mtu anayesikiliza namna ile.

Wiki ijayo ni zamu yangu. Nitasema juu ya heshima ya mwanamke. Wake zetu wamealikwa, mara ya kwanza.

Jumatano, 2 Machi.
Mke wangu Albertine hataki. Anasema atakwenda kukaa kule kama kabati. Nilimbembeleza. Amekubali mara hii moja tu. Akiaibika, nisimwite tena. Nataka sana awaone watu hawa kama ninavyowaona mimi.

Ijumaa, 4 Machi.
Kurasa tisa. Kifaransa safi. Nimesoma mbele ya kioo mara mbili. Albertine alikuwa anapiga pasi shati langu la kesho. Nikamwambia apunguze kelele, natayarisha heshima yake. Akaendelea na pasi.

Jumamosi, 5 Machi.


Nilisoma dakika arobaini. Makofi. Wanawake benchi la nyuma, vitambaa vipya kichwani, mikono mapajani. Kalala akauliza nani anapinga. Albertine akasimama. Nilitamani ardhi ipasuke. Kalala akamweleza sheria, kwa upole: arudie kwanza.

"Miye siwezi kurudilia," akasema. "Mulisema juu yetu, lakini hata neno moya hatukusikia."

Makarani wakaangalia viatu vyao. Wote kumi na wawili tulijua wake zetu hawajui Kifaransa. Hakuna aliyefikiri. Nyani haoni kundule, na mimi ndiye niliyesimama mbele.

Kalala hakumkemea, wala hakunitetea. Alisema hotuba ambayo wanaosemwa hawawezi kuirudia bado haijatolewa. Niitoe upya kwa Kiswahili.

Nikaitoa. Dakika saba. Katika kurasa tisa kilichobaki ni kwamba mwanamke asikilizwe. Albertine akarudia yote, vizuri kunishinda. Nikakubali. Ndipo akapinga: mwenye kusema haya, nyumbani anamsikiliza nani?

Nikazikunja kurasa zangu. Niliona aibu, na nilimwonea fahari. Kalala alimpa mkono kabla ya kunipa mimi.

Jumapili, 6 Machi.
Kanisani. Kisha bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Sijui kama atakuja tena. Naogopa kuuliza.

Jumatano, 9 Machi.
Mvua. Nilirudi kutoka kazini, nikafungua gazeti. Albertine akalalamika: kila siku gazeti kwanza, yeye na habari zake wanangoja. Nilikuwa na utetezi tayari. Nikaumeza, nikarudia maneno yake. Akatikisa kichwa, sivyo. Nikarudia tena. Bado. Mara ya tatu niliweka gazeti chini.

"Njo vile," akakubali.

Akanisimulia siku yake, mpaka chakula kikapoa. Kisha akauliza Jumamosi tunaanza saa ngapi.