Mahali pa Maji Kupumzikia

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi ni kudhani mafuriko hutoka mbinguni. Mbinguni hutoka mvua tu. Mafuriko hutoka kwa jirani. Jirani anamwaga kifusi, anainua ua wake. Maji yaliyokuwa yakipita kwake yanahamia kwa anayefuata. Huyo naye anaita lori la kifusi. Mtaa wetu wote umepanda hivyo, kama watu wanaosimama juu ya viti ili waone vizuri. Aliyebaki amekaa ni Mama Vifungo, mjane, fundi cherehani, nyumba ya mwisho mteremkoni. Kuingia kwake siku hizi unashuka ngazi. Watoto wanapaita shimoni.

Mwanangu mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, ameniomba nieleze mambo haya mkutanoni. Baada ya miaka yote ile ya kazi yangu ya mipango miji, hatimaye mtu wa nyumbani mwangu anauliza! Nimekata kucha.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano ulifanyika darasa la chekechea, watu wazima tumekunjana kwenye viti vya watoto. Nilieleza kwa sinia na kikombe cha maji. Nilisema: maji hayana ubaya, yana haja. Yanataka njia, na yanataka mahali pa kupumzikia. Mji uliopangwa vizuri huacha eneo la chini wazi, halijengwi, maji yatulie pale kabla ya kwenda mtoni.

Walinisikiliza kama wagonjwa mbele ya daktari. Mwenye duka la dawa akauliza: kwetu hapa, eneo la chini ni lipi? Swali zuri. Nikajibu kama mwalimu: kwa Mama Vifungo.

Makofi!

Nilikuwa bado na nusu ya pili — na ndiyo yenye maana. Ule mfereji wa zamani unaopita chini ya kiwanja chetu. Mdomo wake uko barabarani, kando ya geti. Mwanangu aliuziba kwa tofali mwaka jana, akajenga gereji juu ya mfereji wenyewe. Nikafungua mdomo niseme. Mwanangu akasimama: tumshukuru mzee wetu, muda umekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Kamati imeamua. Uamuzi wameupa jina: Mpango wa Mzee. Ukuta wa Mama Vifungo utatobolewa upande wa barabara, maji yaingie kwake, yapumzike.

Uliposomwa mbele ya watu, Mama Vifungo akauliza, na mimi nitapumzikia wapi? Wakacheka. Mwenye duka la dawa akamwambia, "Mama, wewe unapata bwawa la kuogelea, sisi hata bafu la maana hatuna!" Wakacheka tena, hata wale ambao sare za watoto wao ziko mezani kwake.

Akanigeukia. "Mzee, ndivyo ulivyosema?"

Nikaanza tangu mwanzo, kama kawaida yangu. Ndiyo, lakini —

Alisubiri mpaka kwenye "ndiyo", akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi

Wametoboa. Tundu la kupita mbuzi, kingo zimepigwa lipu vizuri. Mkwe wangu aliwapelekea mafundi soda.

Nikamwendea mwanangu. Zibua mfereji, nikamwambia, maji yatapita chini kwa chini mpaka mtoni, hakuna atakayelowa.

"Na gereji yangu ikititia, baba? Gari nitalilaza wapi?"

"Na Mama Vifungo atalala wapi?"

"Si ana dada yake."

"Dada yake alifariki."

"Basi nyumba ina nafasi."

Aliniuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Nilikuwa nimekunywa.

Jumapili, 9 Machi

Kupitia dirisha la jikoni nimemsikia mkwe akimweleza mgeni: baba ameanza kuchanganya mambo, tumwonee huruma tu. Jumatano nilikuwa mtaalamu. Akili zimeruka tangu Alhamisi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Ndogo, ya rasharasha. Mpango umefanya kazi! Barabara kavu. Watu walitoka na kandambili kunipongeza. Mwenye duka la dawa alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nikashuka kwa Mama Vifungo. Maji ya matope magotini. Cherehani kaipandisha kitandani, vitambaa juu ya kabati, gauni la harusi la mteja limening'inia kwenye msumari wa dari. Sare mbili zilikuwa zinaelea, mikono imetandazwa. Nilitaka kuingia nisaidie. Akasema, "Rudi, baba. Utaharibu viatu."

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi. Redio inasema mvua kubwa jioni, ya upepo. Mama Vifungo hajaondoka. Amekaa kitandani kando ya cherehani, anashona kwa mkono; sare zinatakiwa Ijumaa.

Nilitoa nyundo stoo. Mwanangu akaichukua taratibu, kwa heshima zote — utaumia, baba — akafunga stoo, ufunguo mfukoni. Mkwe amechukua viatu vyangu. Vinaoshwa, anasema. Jozi zote.

Baada ya chai nilitoka pekupeku mpaka kando ya geti, kijiko bado mkononi. Nikakwangua penye mdomo wa mfereji. Mchanga mwingi, saruji kiduchu: inamwagika kama unga! Mwanangu alimbana fundi bei. Tofali la chini kushoto linacheza tayari. Mwenye duka la dawa alipita, akacheka, akamwita mkwe aje anione. Nikarudishwa ndani kwa kushikwa kiwiko.

Sasa wako sebuleni, wananong'ona. Mwanangu anasema mlango wa mbele ufungwe mpaka mvua ipite. Mkwe anauliza, na wa jikoni? Anauliza tena. Matone ya kwanza yanagonga bati.

Kijiko ninacho. Wa jikoni bado uko wazi.

Kazi yangu ya leo, sasa hivi: kutoa tofali la chini kushoto.