Chupa ya Buluu ya Baba Yenu

Wanangu,

Chakula kimo kwenye jokofu, kipasheni moto. Baba yenu amelala, msimwamshe kabla ya saa nne. Akishakula mpeni vidonge viwili vya figo, na mkae naye hapo mpaka avimeze.

Leo asubuhi nimevikuta vya wiki mbili chini ya godoro. Ameviacha tangu muuzaji alipomletea yale maji ya chupa ya buluu, eti yamepitishwa kwenye sumaku, yanasafisha figo. Nikapandwa na hasira. Nikampangia vikombe vitatu, kimoja cha maji yake, viwili vya bomba, nikamwambia achague chenye maji yake. Akaonja polepole, akachagua cha bomba. Nikacheka, jamani. Nikamwambia juzi niliyapima kazini maabara, hayana tofauti na haya tunayooshea vyombo.

Hakukasirika. Akasema, "Najua, mama watoto. Lakini yule muuzaji ndiye peke yake aliyeniambia nitapona."

Daktari hajawahi kumwambia hivyo. Wala mimi. Nikachukua mkoba wangu nikatoka chumbani.

~~Ile chupa itupeni, nisiikute nikirudi.~~

Ile chupa ioshe vizuri, wewe dada mtu. Nimechemsha maji, yako kwenye sufuria yenye kifuniko. Yakipoa ijaze, umwekee kando ya kitanda, avimezee vidonge vyake. Akiuliza, msimdanganye. Mwambieni ni ya bomba, nimemchemshia mimi.

Mama yenu