Yai la Ochieng'

Jumanne, Ahero. Mvua imeacha kunyesha lakini matope bado yamejaa mlangoni, na leo sina hamu ya kuongea na mtu.

Serikali imenipa jaketi ya mhudumu wa afya, mkoba na nyumba za kutembelea, zile zenye watoto wadogo na maisha magumu. Nyumba ya Atieno ndiyo inayoninyima raha. Mafuriko yalibeba mpunga wao wote, na tangu hapo mtoto wake Ochieng' anakonda tu. Wiki iliyopita nilimpima mkono kwa utepe, ukaonyesha rangi ya manjano, onyo la utapiamlo. Nikamwambia Atieno kuku mmoja aliyebaki akitaga, yai ni la mtoto. Akakubali, kisha akanisindikiza hadi njiani.

"Dada, siku ingine usikuje na hiyo jaketi. Majirani wanasema niko na ugonjwa."

Nilimwelewa. Leo nikaenda na gauni langu la kawaida.

Sasa mama mkwe wake aliponiona bila jaketi, aliona mgeni. Na huku kwetu mgeni haondoki bila kula. Kabla sijafungua mkoba, mama huyo alikuwa ameshawasha moto. Akaniletea ugali kidogo na yai moja la kukaanga.

Nilijua ni yai la nani. Atieno pia alijua, akainamisha uso.

Nikasema nimeshiba.

"Unakataa chakula yangu?" mama mkwe akauliza. "Ama hata wewe unatuogopa?"

Ningekataa, ningefungiwa mlango ule, na Ochieng' angebaki ndani. Nikala. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mgeni amekuja akala dawa ya mwenyeji, na nilikuwa nikitafuna huku machozi yananilenga.

Nikammegea mtoto kipande, nikakipeleka hadi mdomoni.

Akageuza uso.

Hapo moyo wangu ulishtuka. Mtoto mwenye njaa akikataa yai, hiyo si njaa tena. Nikatoa utepe mbele ya bibi yake bila kujificha. Utepe ulikuwa umeingia rangi nyekundu, ya hatari.

Nikawaambia ni hospitali, na ni leo. Mama mkwe akaitazama sahani niliyoimaliza.

"Umekula kwangu, nitakusikia. Lakini barabara imejaa maji, boda haipiti. Kesho maji ikishuka nitambeba mimi mwenyewe."

Nilijaribu kuipita njia ile ya hospitali mimi kwanza. Maji yalinifika kifuani, nikarudi.

Nimepiga simu hospitali, wanatungojea. Nimeitundika jaketi msumarini, na kesho nitaivaa, majirani waseme watakavyo. Nimepiga mswaki mara mbili lakini ladha ya lile yai haitoki.

Mawingu yameanza kukusanyika tena upande wa milima ya Nandi.

Ee Mungu, isinyeshe.