Swali la Saba

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo. Karakana ya meno ya bandia: chumba kimoja nyuma ya kliniki, meza mbili, feni inayolalamika. Nilitegemea maabara nyeupe kama ya kwenye picha za chuo. Loo! Vumbi la plasta hadi kwenye kope.

Fundi ni mmoja tu, mwanamke wa makamo, wote wanamwita Mama Magego. Miaka kumi na tisa kwenye kiti kilekile. Alinitazama mikono kabla ya uso. Akasema mikono yangu ina haraka. Nikajibu hata mwenye mikono ana haraka. Hakucheka.

Habari ya posho bosi, mwenye kliniki, kanieleza mwenyewe, tena kwa furaha. Mfuko wa mafunzo unalipa robo tatu, yeye anaongezea robo, miezi mitatu. Kasema mimi ni zawadi. Sikujua nishukuru au vipi.

Jumatano, 5 Machi

Nimechonga jino langu la kwanza la nta. Mama Magego kaligeuza kwenye mwanga, kasema hilo si jino, ni sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. La pili — sabuni. La tano kasema sasa angalau ni kokoto. Nimefurahi kupita kiasi kwa kupewa kokoto!

Kaka kapiga simu. Posho imeingia? Bado. Aliuza pikipiki yake nimalizie mwaka wa mwisho, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Nilikata simu bila hata kuulizia watoto. Hovyo kabisa mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Meno sita ya mbele, yote kwenye mstari. Mama Magego kasema "sawa". SAWA! Kwa mama yule hiyo ni sherehe nzima. Nimetembea hadi nyumbani, nikapitiliza mtaa wangu, nikarudi.

Jumanne, 25 Machi

Mama Magego kapunguziwa siku. Sasa anakuja siku tatu tu kwa wiki. Bosi anasema kazi imepungua. Imepungua wapi? Rafuni kuna taya za plasta kumi na nne zinasubiri, nimezihesabu mara mbili. Siku asizokuja nazifanya mimi.

Nilimwuliza Mama mwenyewe kulikoni. Kasema mwanangu, shika kisu chini kidogo, utajikata. Basi.

Jumatatu, 31 Machi

Kiti cha Mama Magego kitupu. Visu vyake havipo. Dada wa mapokezi kasema ameambiwa apumzike mpaka atakapoitwa. Aproni yake bado iko kwenye msumari.

Siwezi kutulia. Nimekaa, nimesimama, nimefagia mahali palipofagiliwa. Bosi kaingia kunisifu: kasi nzuri, wateja hawalalamiki. Mama Magego, bosi alikuwa akimlipa mshahara mzima kutoka mfukoni mwake. Mimi ananilipia robo ya posho. Hesabu hiyo hata mimi niliyefeli hisabati naiweza.

Na aliyenifundisha kumfanya asihitajike ni yeye mwenyewe. Jino kwa jino, kwa subira, huku akinitania. Naona aibu.

Jumatano, 9 Aprili

Mkaguzi wa Mfuko anakuja kesho! Chuo kimenitumia nakala ya fomu nitakayojaza. Swali la saba: je, kuna mfanyakazi aliyepunguziwa au kuachishwa kazi kwa sababu ya nafasi yako? Ndiyo au Hapana. Chini, kwa herufi za kutafutia miwani: ikiwa Ndiyo, malipo yatasitishwa na mafunzo hayatahesabiwa. Maana yake hakuna posho, hakuna cheti mwaka huu. Na Kaka hana pikipiki ya pili.

Mchana nikamsikia bosi kwenye simu, sauti ya asali. Mama aje kesho, mapema, kiti chake kinamngoja. Alipomaliza akamgeukia dada wa mapokezi: ni kwa siku moja tu, mkaguzi akitoka na yeye atoke. Nilikuwa mlangoni na trei ya taya. Bosi kaniona. Katabasamu. Na mimi nikatabasamu! Uso wangu huu sijui nani anauendesha.

Nimpigie Mama Magego? Nimeshika simu mara tatu. Nikimwambia ukweli, hatakuja. Asipokuja, mkaguzi atakuta kiti kitupu, na maswali yataanza.

Sikupiga. Sababu naijua, siiandiki.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika chooni. Mgongo wa daftari ukutani, fomu gotini.

Mama Magego alifika kabla mlango haujafunguliwa. Kasuka nywele. Viatu vyeusi vimepigwa rangi vikang'aa. Visu vyake kavileta vyote kwenye kitambaa, kavipanga mezani kimoja kimoja, kisha kanigombeza kwa plasta niliyoiacha igande kwenye bakuli. Kasema alijua tu watamwita, kazi hii haifanyiki na mtu mmoja. Kaniambia nimekonda, nijikaze kisabuni. Nikacheka.

Mkaguzi ni dada wa rika langu, ana haraka kunishinda. Kaona meza mbili, watu wawili, kaweka alama. Kamwuliza Mama Magego yuko hapa tangu lini. Miaka kumi na tisa, kajibu, kifua mbele. Bosi nyuma yake anaitikia kwa kichwa kama baba wa bibi harusi. Mkaguzi kanipa fomu, kasema nijaze peke yangu, yeye anakunywa chai ofisini kwa bosi, dakika kumi.

Peke yangu hapa ni chooni tu. La kwanza hadi la sita nimejaza. La nane hadi la mwisho pia. Kalamu inateleza kwa jasho.

Mlango umegongwa. Ni Mama Magego. Anauliza tumbo linaniuma? Nimesema hapana. Basi nitoke, nta imeshayeyuka. Na kesho niwahi, kasema, kesho ananianzishia chonge, maana hilo ndilo jino linalomtambulisha fundi.

Kesho.

Nimesema sawa, Mama. Hajaondoka. Chini ya mlango naviona viatu vyake, vinang'aa, vinanisubiri.