Kofia Mbili za Kyungu na Kabange

Naviundu, 4 Machi 2024

Mama mpenzi,

Habari za Sakania? Goti lako limepoa? Tangu simu yako iibiwe sokoni namtegemea Mulenga, dereva wa lori, akufikishie barua hii na picha yangu. Tazama nilivyovimba uso na miguu. Kichwa kinauma kila siku. Daktari anasema tension ya damu imepanda. Wamepima pia homoni za kondo la nyuma, haziko sawa. Kondo halimlishi mtoto vizuri. Anataka nilazwe, pengine mtoto atolewe kabla ya miezi yake. Naogopa. Nifanye nini?

Mtoto wako, Josée

Sakania, 11 Machi

Josée wangu,

Nakusalimu sana, wewe na mkwe wangu Anselme. Goti ni lile lile, lakini jana nilicheza nalo ngoma kwa furaha! Picha yako nimeizungusha mtaa mzima. Huo si ugonjwa, mwanangu. Bibi yako alisema mwanamke akivimba hivyo amebeba mapacha. Kyungu na Kabange, kama mapacha wote wa kwetu! Kofia mbili nimekwisha kufuma. Kichwa kinauma kwa sababu wanagombania nafasi humo ndani. Usikubali wawatoe hawajakomaa. Ningoje, Pasaka nitakuwa hapo.

Mama yako

Naviundu, 15 Machi

Mama,

Salamu nyingi. Nilimwambia daktari maneno yako, akanijibu: « Maman, iko mutoto moja tu. Urudie kesho na bintu byako, tukulaze. » Lakini furaha yako ilinifanya nilie. Pengine mmoja amejificha. Nitakungoja, ingawa Anselme amekasirika, na macho yameanza kuona ukungu.

Mtoto wako

Sakania, 22 Machi

Josée,

Unajionaje? Mulenga amepita hapa mikono mitupu, bila barua yako. Nilimuuliza mkunga habari ya macho, akanigombeza sana. Nenda ulazwe, binti yangu, usiningoje.

Mama yako

Naviundu, 27 Machi

Mama,

Nakusalimu. Barua yako imenikuta nimetoka hospitali. Jumapili ile baada ya kukuandikia nilianguka jikoni nikakakamaa mwili mzima. Walimtoa mtoto ili nipone. Alikuwa msichana, mmoja. Aliishi mpaka jioni, padri akambatiza. Nilimpa jina lako, Laurentine.

Nimekukasirikia, Mama, sikufichi. Nimejikasirikia zaidi, maana daktari alisema wazi. Tension bado haijashuka, na maziwa yananitoka bure.

Njoo Pasaka kama ulivyosema. Lete kofia moja tu, tuiweke kaburini.

Mtoto wako, Josée