Mkono Una Hina

Mpendwa Mama,

Dawa ya nne ya Baba iko tayari, na atatiwa Alhamisi ikiwa mwenyewe anaitaka. Hayo aliyasema daktari juzi asubuhi, hospitalini ng'ambo ya feri, baada ya kusoma majibu ya damu. Chembe nyeupe zimepanda na homa haijarudi. Alipomaliza alimtazama Baba, hakunitazama mimi, akasubiri. Baba alivaa kofia yake, akasema, "Tumekusikia, daktari," akatoka. Njia nzima mpaka tunafika Bodo hakusema jingine ila kuniuliza kama nimeshiba.

Jawabu lake alilitoa jana, na wewe umo ndani yake. Ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na yale usiyoyajua. Ulitangulia mbele ya haki kabla Baba hajaanza kuumwa mgongo. Tulidhani ni umri, na miaka yote ile ya kuinamia masufuria ya harusi. Yeye mwenyewe alikuwa akisema mgongo wa mpishi hauna dawa. Kumbe ilikuwa saratani ya tezi dume, nayo ilikwisha kutoka kwenye tezi na kuingia mifupani. Sindano za kuzuia homoni zilimsaidia kwa muda, kisha zikawa hazitoshi peke yake. Daktari akashauri aongezewe kemo, dawa inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono kila baada ya wiki tatu. Hakutudanganya. Alisema haitaiondoa saratani, bali itaipunguza mwendo, itatuliza mifupa na huenda ikampa muda. Baba akauliza muda kiasi gani. Daktari akasema hajui. Nilimheshimu kwa jawabu hilo.

Siku ya dawa ya kwanza ungemcheka. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi kama anayekwenda kuposa, akakaa kwenye kiti kirefu kati ya wagonjwa wengine, na kabla sindano haijaingia akamuuliza muuguzi kama amekula. Muuguzi alisema bado. Baba akaniagiza nifungue kapu. Ndiye yule yule uliyemzoea: miaka yote mliyokwenda harusini pamoja, wewe ndani na hina yako, yeye uani na pilau yake, hakukaa kula mpaka awe ameuliza kila mtu, hata wapiga ngoma.

Siku ya kwanza na ya pili baada ya dawa huwa mchangamfu. Ya tatu uchovu humwangukia kama gunia, na kutoka kitandani hadi mlangoni huwa ni safari. Ncha za vidole zimekufa ganzi, kucha zimekuwa nyeusi. Na mdomo, Mama. Yeye aliyekuwa akisimama langoni na kusema pilau ya ndani haina iliki, sasa kila anachokula kina ladha ya msumari. Mara ya kwanza nilimpikia pilau, akatafuna polepole, akasema, "Tamu." Baba hajawahi kusema pilau yangu ni tamu. Hapo nikajua hasikii ladha yoyote. Nikaacha vyakula vya moto, nikampa maembe, mtindi na uji uliopoa, na kijiko cha chuma nikakibadilisha kwa kile cha kifuu ulichokuwa ukikorogea hina. Nilikichemsha kwanza. Kwa kijiko hicho anakula.

Ndevu zilinyonyoka baada ya dawa ya pili, zile ulizokuwa ukizitia hina kila tunapoamkia Idi, yeye amekaa kwenye kigoda, wewe unamwambia asiongee. Alizikuta kwenye mto wa kulalia, akazikusanya, akasema sasa Idi ijayo atakuwa amekuokolea hina. Aliongea kana kwamba uko jikoni. Sikumsahihisha.

Jambo lililotupa shida kuliko hayo ni kuona haya kwake. Muuguzi alinifundisha kuvaa glavu ninapoosha nguo zake na choo katika siku za mwanzo, kwa kuwa dawa hutoka na mkojo. Baba hakutaka binti yake aguse. Tulikubaliana kwamba siku anazoweza atafanya mwenyewe, glavu mikononi. Siku asizoweza hugeuza uso ukutani, nami humsimulia habari za Ukunda, nani amejenga, nani ameuza, mpaka nimalize. Hilo nilijifunza kwako. Ulipompata mwali mwenye haya, anayetetemeka mguu chini ya mkono wako, ulikuwa ukimpigia porojo mpaka anajikuta amemalizika kupakwa.

Baada ya dawa ya tatu ndipo tulipokosea. Tulikuwa tumeambiwa wazi kwamba kuna siku ambazo kinga ya mwili hushuka sana, asikae na watu wengi, asishikane mikono. Nilimweleza, akakubali. Lakini ile Ijumaa wakaja watu wa Bongwe na Msambweni kumsomea Yasini, watu ambao harusi zao, na za watoto wao, alizipikia yeye. Nilikuwa dukani. Niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni, amejishikilia kizingiti, anapokea mkono wa kila mmoja, na vijana wanaubusu kwa shikamoo. Mmoja wao alikuwa akipiga chafya kwenye mkono ule ule. Baba alijua. Lakini wewe unamfahamu: mkono ulionyooshwa kwake haurudi mtupu.

Katikati ya wiki akapata baridi kwenye jua la mchana. Alisema ni upepo tu. Kipimajoto kikasema homa, na kwa mgonjwa wa kemo homa haingoji kesho. Tulimkimbiza hospitali. Alilala huko siku kadhaa na dawa ya mshipa, midomo imekauka, na safari hii hakumuuliza mtu kama amekula. Nilikaa pembeni yake nikahesabu pumzi zake, kazi isiyosaidia kitu.

Tuliporudi nyumbani nilifunga mlango. Kila aliyekuja nilimwambia Baba amelala. Walikaa barazani, wakanong'ona, wakaacha ndizi na nazi, wakaondoka na nyuso nzito. Kwetu mgonjwa akizuiwa kuonekana, watu huuliza wamekosa nini. Shoga yako Mwanasha ndiye aliyelisema wazi, kwa sauti ya kupenya ukuta:

"Shemeji yangu amekuwa mwali, afichwe ndani? Basi na sisi tuambiwe lini tunamtoa."

Baba alikuwa macho kitandani. Walipoondoka aliniita. Alisema ameishi miaka yake yote katikati ya watu, na huenda waliobaki wa kumwona ni hao hao. Kisha akasema:

"Mwanangu, dawa hii inaninunulia siku, lakini siku zenyewe hazina watu. Nikiiacha, mlango utafunguliwa."

Nilimwambia asubiri vipimo. Ndivyo tulivyokwenda ng'ambo juzi, na ndiyo maana daktari alipouliza, Baba alivaa kofia.

Jana baada ya Adhuhuri akaniagiza kisanduku chako. Nilikitoa chini ya kitanda: unga wa hina umekwisha harufu, kitambaa cha kuchungia kimekuwa chepesi kama utando wa buibui, na vile vitambaa vyeupe vya kuwafungia mabibi harusi viganja bado umevikunja wewe. Nilidhani anataka kukukumbuka tu. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Unakumbuka mama yako alivyokuwa akipokea wageni?"

Nilikumbuka papo hapo. Umekaa mkekani, viganja vimejaa hina mpaka kwenye kifundo, wageni wa harusi wanaingia mmoja mmoja na mikono mbele. Uliinua yako juu, ukasema, "Nisameheni mkono, una hina." Hakuna aliyenuna. Mabibi wakubwa, mawifi wenye ndimi, hata mke wa kadhi, wote waliweka mkono kifuani na kukaa. Ni udhuru ambao pwani nzima inaujua na kuukubali. Mimi nilikaa nyuma yako nikichunga unga, na sikuwahi kuona hapo pana ujuzi wowote.

Baba alitaka tumpake kweli. Nikampigia simu muuguzi wa ng'ambo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ngozi ya viganja imepasuka, hina tusitie, ila kitambaa safi hakina neno; na wageni wakae nje penye hewa, wachache wachache, mwenye mafua arudi kwake. Kisha nikamsikia akimsimulia mwenzake huku anacheka.

Nikavifua vitambaa, nikavipiga pasi, nikamfunga Baba mikono yote miwili kama ulivyokuwa ukifunga, fundo juu ya kifundo cha mkono, ncha zimechomekwa ndani. Nikaweka kiti chake ndani ya mlango na mikeka nje, mbali kidogo. Nikafungua.

Baada ya Alasiri akaja Mwanasha na majirani wawili. Alipomwona Baba alifanya haraka, mkono mbele. Baba aliinua yake miwili juu.

"Nisameheni mkono, una hina."

Mwanasha alivitazama vile vitambaa, akavitambua. Nilimwona anavitambua, maana alikuwapo ulipovikata. Akarudi nyuma polepole, akaweka mkono kifuani, akakaa mkekani. Alifuta macho kwa ncha ya leso, na alipomaliza akawa Mwanasha tena.

"Haya, bwana harusi. Hina hiyo si ya bure. Harusi lini?"

Baba alinitazama kwanza, ndipo akamjibu.

"Alhamisi. Ng'ambo ya feri."

"Na sisi hatukualikwa?"

"Mtakuja kunitazama nikirudi. Mtakaa hapo hapo mlipo. Umekula wewe?"

Walikaa mpaka jua likapungua. Waliongea habari zisizo na maana yoyote, na Baba alicheka mara mbili.

Sijui dawa hii ya nne itamletea nini, wala ya tano ikiwapo. Mifupa imetulia kidogo, mgongo anaulalia. Hayo ndiyo ninayoyajua kwa hakika. Kwamba nimekukosa sana mwaka huu, nalo nalijua kwa hakika, hasa ninapomfunga fundo la mkono wa kushoto, ambalo halinikai kama lilivyokuwa likikukaa wewe.

Kapu nimekwisha kulipanga: uji, maembe, kijiko cha kifuu, kipimajoto, vitambaa viwili vya akiba. Baba ameongeza sahani ya muuguzi. Alhamisi tunatoka Bodo baada ya sala ya Alfajiri.

Lala salama, Mama. Mikono yako ingali kazini.

Mwanao, mchunga hina wako