Kengele ya Mvua Kwenye Kichanja cha Kokoa

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Tangu tukuzike sijakaa kitako nikasema sasa nimepumzika, na Baba ndiyo kabisa. Watu wakija kutupa pole tunawashukuru ndaga, ndaga, mpaka neno lenyewe limeisha ladha.

Hukuiona siku ya mazishi yako, ngoja nikusimulie. Ile kokoa uliyoivundika kwa mikono yako tuliiacha imeanikwa kichanjani. Ukoo mzima tuko kaburini, majirani wote wa hapa Ikolo wako kaburini, na mvua ikashuka. Nani angepiga kelele watu wakafunike? Aliyekuwa anapiga kelele ndiye tuliyekuwa tunamfukia. Tuliporudi kokoa ilikuwa inaogelea, baadaye ikaota ukungu, tukaimwaga. Baba hakulia kaburini, Mama. Alilia pale.

Toka hapo amehamia kwenye kigoda, kando ya kichanja. Umande ni wake, jua ni lake. Anakula shingo imegeukia ziwani, anatafuta wingu. Kanisani haendi. Mguu umevimba, namwambia akajilaze kidogo, anasema, "Nikifumba macho, kokoa ya mama yako itaoza tena." Nikimwambia nitaangalia mimi, ananitazama tu. Ananijua. Mimi nikishika simu, hata nyumba iungue sina habari.

Basi simu hiyohiyo ndiyo ikanionyesha watu wanajitengenezea kengele ya mvua. Mimi, ambaye hata balbu ikiungua nilikuwa namwita Baba! Fundi redio mmoja wa Bondeni akanipa vipande alivyong'oa kwenye redio mbovu, akaniazima na kifaa chake cha kulehemu. Kengele yenyewe ni kitu kidogo: waya mbili zilizochunwa ganda, zimelala karibu karibu juu ya kibao bila kugusana. Tone la maji likiziunganisha, umeme wa betri unapita, kengele inalia. Lakini kuna kidude cha miguu mitatu kinaitwa transista. Nilikifunga nyuma mbele, nikashinda nalaumu betri mchana kutwa. Vidole nimeviunguza. Nilikaribia kukitupa chooni.

Nilipokigeuza, nikatia mate kidoleni, nikagusa zile waya. Kengele ikalia. Nikageuka nikuite uje uone.

Sasa sikia ujinga wangu. Kibao nikakiweka katikati ya kokoa, eti kilowe pamoja nayo. Kokoa yenyewe ndiyo kwanza imetoka kwenye majani ya mgomba, ute unachuruzika mpaka kwenye waya! Jua linawaka, kengele ikaanza kulia. Majirani wakatoka mbio kama ulivyowazoesha, kila mmoja anafunika yake kwanza, kisha anakimbilia kwetu. Mama Tumpe, jirani yako wa mgombani, akasimama anahema, akaangalia juu, hakuna hata wingu. Akaniambia, "Marehemu aliisikia mvua ingali Malawi. Wewe umetuletea king'ora kinachoogopa jua." Wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa aibu. Baba hakucheka. Alivuta kigoda chake, akasogea karibu zaidi na kichanja.

Nikahamishia kibao juu ya paa la jiko, nikakiinamisha maji yasituame. Halafu nikamwomba Baba aingie ndani ajilaze, mara moja tu, anijaribie. Sijui kwa nini alikubali. Nadhani ni kuchoka.

Mvua ilitokea ziwani baada ya chakula. Nilikuwa naosha vyombo, Mama, sikuwa nimeona chochote. Kengele ikalia. Nikachomoka, Mama Tumpe huyo anakuja, wengine nyuma yake, tukavuta turubai, tukabana pembe kwa mawe. Kokoa haikulowa. Nikaingia ndani nimwambie Baba asihangaike kuamka.

Alikuwa amelala. Bati linapigwa na mvua, kengele bado inalia, sisi tumepiga kelele uwanja mzima, na yeye anakoroma, amegeukia upande wako wa kitanda. Nilikaa sakafuni na nguo zangu zilizolowa, nikalia mpaka nikaishiwa.

Alipoamka jioni aliuliza kokoa. Nikamwambia mvua imekuja na imeondoka, twende akaishike mwenyewe. Kisha akasema polepole, "Kumbe nililala."

Mama, nakuahidi betri haitaisha mimi nikiwa hapa. Na wiki ijayo nampeleka akaonwe huo mguu, akikataa nitambeba mgongoni. Ndaga fijo kwa miaka yote uliyotuchunga. Huko uliko usikae umetega sikio tena. Pumzika, Mama. Huku zamu ni yetu.

Binti yako,
Atupele